Viti vya mezani vya Italia vya ngozi na feleji

Viti vya mezani vya Italia vya ngozi na feleji ni viti vya meza ya chakula vilivyobuniwa na kutengenezwa nchini Italia, hasa kati ya miaka ya 1950 na 1970, ambavyo kiunzi chake ni cha feleji (chuma cha pua) na sehemu inayomgusa mkaaji ni ya ngozi. Vingi vilitoka katika viwanda vidogo vya kaskazini mwa nchi, hasa eneo la Brianza karibu na Milano, mji wa Bologna na mkoa wa Veneto. Leo vinauzwa katika minada na maduka ya samani kuukuu, na baadhi vinaendelea kutengenezwa na kampuni zilezile zilizovianzisha.

Kinachovitofautisha na viti vingine ni jinsi nyenzo hizo mbili zinavyogawana kazi: feleji hubeba uzito, ngozi huvutwa au kuning'inizwa juu yake. Lakini nyenzo hizo hazipatani kikemia, na historia ya viti hivi kwa sehemu kubwa ni historia ya namna wabunifu na mafundi walivyoziunganisha bila moja kuiharibu nyingine.

Istilahi

Katika Kiitalia kiti cha kawaida huitwa sedia, na kiti kikubwa cha kupumzikia, chenye mikono na godoro, huitwa poltrona. Makala hii inahusu sedia. Poltrona nyingi maarufu za Italia zina feleji na ngozi pia, ila hazikukusudiwa kusogezwa chini ya meza, na matatizo yake ya kiufundi ni mengine.

Wafanyabiashara huviita viti hivi vya "katikati ya karne", yaani karne ya 20. Usemi huo ulienea baada ya Mmarekani Cara Greenberg kuutumia katika jina la kitabu chake cha mwaka 1984 kuhusu samani za miaka ya 1950. Kwa maana kali kipindi hicho huishia katikati ya miaka ya 1960. Madukani mipaka hiyo haiheshimiwi sana: kiti cha Cab, ambacho kimeelezwa hapa chini kwa kirefu, ni cha mwaka 1977, lakini karibu kila muuzaji hukipanga pamoja na vile vya miaka ishirini kabla yake.

Waitalia wenyewe hutofautisha aina mbili za ngozi. Pelle ni ngozi laini ya kufunikia sponji au mto. Cuoio ni ngozi nene na ngumu, ya aina inayotumika kwa soli za viatu, mikanda na matandiko ya farasi. Tofauti hiyo ni muhimu kwa sababu cuoio inaweza kubeba uzito wa mtu yenyewe ikiwa imeshikwa pembeni, ilhali pelle inahitaji kitu chini yake.

Mahitaji ya kiti cha mezani

Kiti cha mezani kina kikalio chenye kimo cha takriban sentimita 45, kwa kuwa meza ya chakula kwa kawaida ina kimo cha sentimita 72 hadi 75. Huvutwa na kusukumwa mara kadhaa kila siku, hubebwa kwa mkono mmoja, humwagiwa mchuzi na mvinyo, na watu hukiinamisha nyuma kwa miguu miwili baada ya kushiba. Katika kiti cha mbao nguvu zote za kuinama huko huishia kwenye kiungo kati ya mguu wa nyuma na kikalio, na hapo ndipo kinapolegea kwanza.

Bomba la feleji huondoa tatizo hilo kwa sababu linaweza kukunjwa badala ya kuungwa. Mguu, kikalio na egemeo vinaweza kuwa mstari mmoja usiokatika. Bomba lililo tupu ndani ni jepesi pia kuliko nondo ya unene huohuo, na hupoteza nguvu kidogo tu, kwani katika kukunjwa ni nyuzi za nje za chuma zinazofanya kazi zaidi ya zile za katikati.

Upungufu wake ni kwamba chuma ni baridi na kigumu, na hutoa kelele juu ya sakafu ya marumaru au terazo iliyozoeleka katika nyumba za Italia. Kelele huzuiwa kwa vifuniko vidogo vya mpira au plastiki mwishoni mwa miguu, kitu ambacho hupotea mapema na kusahauliwa. Ubaridi na ugumu ndiyo sababu ya ngozi.

Historia

Kabla ya vita

Kiti cha mabomba ya feleji hakikuanzia Italia. Marcel Breuer, mzaliwa wa Hungaria aliyefundisha katika shule ya Bauhaus nchini Ujerumani, alibuni kiti chake cha kwanza cha namna hiyo mnamo 1925, na kitambaa kilichovutwa kati ya mabomba ndicho kilichomshika mkaaji. Muda mfupi baadaye Mholanzi Mart Stam alionyesha kiti kisicho na miguu ya nyuma. Nchini Ufaransa Le Corbusier, Pierre Jeanneret na Charlotte Perriand walibuni samani zao za feleji na ngozi mwishoni mwa miaka ya 1920.

Nchini Italia wasanifu majengo walilichukua wazo hilo katika miaka ya 1930. Giuseppe Terragni alibuni viti vya mabomba kwa ajili ya jengo lake maarufu mjini Como, lililokamilika mwaka 1936, na Gabriele Mucchi alibuni kiti cha kupumzikia cha Genni mwaka 1935. Kampuni ya Columbus ya Milano, inayojulikana zaidi kwa mabomba ya baiskeli, ilitengeneza pia samani. Uhusiano wa baiskeli na kiti si wa bahati: ni bomba jembamba lilelile, mashine ileile ya kukunja, na mafundi walewale wa kuchomelea.

Mnamo Oktoba 1935 serikali ya Mussolini iliivamia Ethiopia, na Shirikisho la Mataifa likaiwekea Italia vikwazo vya kiuchumi. Italia ilijibu kwa sera ya kujitosheleza. Feleji na ngozi, zote zikihitajika jeshini, hazikuwa tena bidhaa za kuchezea viti, na kazi hiyo ilidorora.

Baada ya vita

Milano ilipigwa mabomu vibaya mwaka 1943. Nyumba zilizojengwa upya zilikuwa na vyumba vidogo, na samani nzito za mbao za kizazi kilichotangulia hazikutoshea. Wasanifu waliokuwa wakingoja kazi za majengo walibuni samani, na karakana za Brianza, ambako miji kama Cantù, Lissone na Meda iliishi kwa useremala tangu zamani, zilikuwa tayari kuwajaribia. Mfumo huo wa msanifu mmoja, kiwanda kidogo kimoja na kundi la mafundi wa pembeni, kila mmoja akifanya sehemu yake tu (huyu hukunja mabomba, yule hupaka kromu, mwingine hushona), ndio ulioifanya Italia iwe tofauti na nchi zenye viwanda vikubwa. Mbunifu aliweza kubadilisha kiti baada ya kutengenezwa vichache tu.

Jarida la Domus, lililoanzishwa na Gio Ponti mwaka 1928, liliwatangaza. Mwaka 1954 duka la La Rinascente lilianzisha tuzo ya Compasso d'Oro, na miongoni mwa washindi wa mwaka huo wa kwanza alikuwemo Gastone Rinaldi kwa kiti chake cha DU 30, kilichotengenezwa na kampuni ya Rima ya Padova. Maonyesho ya samani ya Milano, Salone del Mobile, yalianza mwaka 1961.

Si viti vyote vya kipindi hicho vinavyoitwa vya ngozi ni vya ngozi kweli. Katika miaka ya 1950 ngozi bandia ya plastiki ilikuwa jambo jipya, ya rangi kali na rahisi kufutwa, na wabunifu waliitumia kwa furaha. Wakusanyaji wa leo hukatishwa tamaa na jambo ambalo wanunuzi wa kwanza walilitamani.

Mageuzi makubwa zaidi yalisababishwa na plastiki ngumu. Mwaka 1954 Giulio Natta aligundua mjini Milano namna ya kutengeneza polipropilini iliyo imara, ugunduzi uliompatia Tuzo ya Nobel mwaka 1963, na katika miaka ya 1960 viwanda vya Italia vilianza kutoa viti vizima kutoka kwenye kalibu. Kiti cha plastiki kilikuwa rahisi, chepesi na hakikuhitaji fundi wa kukishona. Hivyo kiti cha feleji, kilichozaliwa kikiwa ahadi ya samani nafuu kwa watu wote, kilisukumwa kuelekea upande wa anasa. Ili kishindane ilibidi kiwe na kitu ambacho plastiki haiwezi kutoa, na kitu hicho kilikuwa ngozi.

Gavina na Cassina

Watu wawili waliiona nafasi hiyo mapema. Wa kwanza ni Dino Gavina wa Bologna. Alikubaliana na Breuer na kuanza mwaka 1962 kutengeneza upya viti vyake vya Bauhaus, ambavyo wakati huo vilikuwa karibu kusahaulika. Ni yeye aliyekiita kiti cha 1925 kwa jina la Wassily, na badala ya kitambaa cha awali alikivalisha ngozi nene. Watu wengi wanaodhani kiti hicho kilikuwa cha ngozi tangu mwanzo wanakijua kupitia Bologna. Gavina alifanya kazi pia na Mjapani Kazuhide Takahama, ambaye viti vyake vyembamba vya feleji ni miongoni mwa vilivyo safi kwa umbo katika kundi hili. Kampuni ya Gavina ilinunuliwa na Knoll ya Marekani mwaka 1968.

Wa pili ni Cesare Cassina wa Meda, ambaye kampuni yake, aliyoianzisha na nduguye Umberto mwaka 1927, ilipata haki ya kutengeneza samani za Le Corbusier, Jeanneret na Perriand. Za kwanza zilitoka mwaka 1965, mwaka uleule Le Corbusier alipofariki. Kufikia mwisho wa miaka ya 1960 feleji yenye kromu na ngozi nyeusi vilikuwa vimekuwa vazi rasmi la ofisi za wanasheria na vyumba vya chakula vya matajiri, na kampuni nyingine zilifuata kwa mitindo yao. Gae Aulenti alibuni kiti cha kukunja cha April kwa kampuni ya Zanotta, chenye kiunzi cha feleji isiyoshika kutu na kikalio cha kuvutwa. Giotto Stoppino alibuni Maia kwa kampuni ya Bernini.

Nyenzo

Feleji ya kawaida hushika kutu, kwa hiyo lazima ifunikwe. Njia iliyopendwa ni kuipaka kromu kwa umeme: kiunzi huzamishwa katika beseni lenye chumvi za metali na kuunganishwa na umeme, na metali hujibandika juu yake. Kinachoonekana kung'aa ni kromu, lakini kinachozuia kutu hasa ni nikeli iliyo chini yake. Tabaka la kromu la mapambo kwa kawaida ni jembamba kuliko mikrometa moja, wakati nikeli huwa mara nyingi zaidi ya hapo. Kiwanda kilichobania nikeli kilitoa kiti kinachong'aa sawasawa na kingine chochote kwa mwaka wa kwanza. Tofauti huonekana baada ya miaka thelathini, vinapotokea vidoto vya kutu vinavyofanana na pilipili manga. Kromu iliyotumika katika mabeseni hayo ni ya aina yenye sumu inayosababisha saratani kwa wafanyakazi wanaovuta mvuke wake, na leo matumizi yake yanadhibitiwa vikali katika Umoja wa Ulaya.

Ngozi husindikwa kwa njia mbili kuu. Ya haraka hutumia chumvi za kromu na kutoa ngozi laini isiyobadilika sana. (Kwa hiyo metali ileile inaweza kuwa juu ya bomba na ndani ya ngozi ya kiti kimoja, ingawa kwa sura mbili zisizofanana kabisa.) Njia ya zamani hutumia tanini za mimea na huchukua wiki kadhaa, ndiyo inayotoa cuoio. Santa Croce sull'Arno katika Toscana ni maarufu kwa njia hii ya pili, na Arzignano katika Veneto kwa ngozi za samani kwa jumla. Tanini hutoka kwenye miti kama chestnut ya Ulaya, quebracho ya Amerika Kusini na mwati, ule ambao magome yake huvunwa pia Njombe nchini Tanzania na katika nyanda za juu za Kenya kwa ajili ya viwanda vya ngozi vya nje.

Ngozi iliyosindikwa kwa tanini hubadilika maisha yake yote. Ikiwa haikupakwa rangi huanza na rangi ya mkate mbichi, kisha jua, mafuta ya mikono na misuguano huipeleka kwenye rangi ya asali na mwishowe hudhurungi iliyokolea. Mabadiliko hayo hupendwa na wanunuzi na hayawezi kuigwa vizuri kwa rangi, kwa kuwa hutokea zaidi pale mwili unapogusa na kidogo pale usipogusa.

Ngozi na chuma vinapokutana

Tanini na chuma hupigana. Tanini ikikutana na chuma penye unyevu hutokea mchanganyiko mweusi wenye kuelekea buluu, uleule uliotumika kwa karne nyingi kama wino wa kuandikia barani Ulaya. Doa hilo halitoki. Kwa upande wake ngozi iliyosindikwa hivyo ina asidi kidogo na hushika unyevu wa hewa, kwa hiyo chuma kilicho wazi chini yake hushika kutu haraka kuliko kile kilicho mbele ya macho, na kutu hiyo huila ngozi kutoka ndani. Katika kiti cha mezani mambo huwa mabaya zaidi, kwani huongezeka jasho, chumvi na siki.

Kwa sababu hiyo kromu au rangi ya kiunzi si pambo peke yake. Ni ukuta kati ya maadui wawili. Kila mtindo wa kuunganisha uliotumika ni jibu kwa tatizo hilo na kwa lingine linalofanana nalo kwa uzito: ngozi hunyooka. Kikalio cha ngozi kilichovutwa kati ya mabomba mawili huanza kikiwa kimekaza kama ngoma na baada ya miaka kadhaa hulegea katikati.

Njia rahisi kabisa ni kuikunja ngozi kuzunguka bomba na kuishona. Inaonekana safi, lakini ikilegea hakuna la kufanya ila kufumua. Njia nyingine ni kuifunga chini ya kikalio kwa kamba au springi, kama viatu, ili iweze kukazwa tena; mafundi huipenda, ila aliyekaa sakafuni huiona. Njia ya tatu ni skrubu au ribiti zinazopita kwenye ngozi na bomba. Hii ni nafuu kuliko zote na ndiyo inayoharibika kwanza, kwa sababu tundu katika kromu ni mlango wa kutu, na ngozi huchanika kuanzia kwenye tundu.

Kiti cha Cab

Jibu lisilotarajiwa lilitoka kwa Mario Bellini, msanifu wa Milano aliyezaliwa mwaka 1935, ambaye wakati huo alijulikana kwa mashine za kuhesabia za Olivetti. Kiti chake cha Cab kilitolewa na Cassina mwaka 1977. Badala ya kuonyesha feleji iking'aa na ngozi ikining'inia juu yake, Bellini aliificha feleji yote. Kiunzi ni mabomba membamba yaliyochomelewa na kupakwa rangi. Juu yake huvikwa vazi moja la cuoio linalofunika miguu, kikalio na egemeo, na hufungwa kwa zipu nne zinazoshuka ndani ya miguu kama za buti. Chini ya ngozi ya kikalio kuna bamba la plastiki la kuisaidia isilegee.

Hakuna skrubu wala ribiti inayopita kwenye ngozi, na hakuna gundi inayoishika kwenye chuma. Mvuto wa vazi lenyewe hulishikilia mahali pake, na ngozi ikinyooka kidogo kiti hubonyea kufuata mgongo wa mkaaji badala ya kuonekana kimechoka. Feleji pekee ni umbo jembamba lisilokalika. Ngozi pekee, ingawa nene, ingelala sakafuni. Wachambuzi hukilinganisha na mwili wenye mifupa na ngozi, na ulinganisho huo kwa mara moja si wa kutia chumvi.

Ushonaji wake ndio ulio mgumu. Ngozi nene haisamehe kosa: tundu la sindano halifutiki, na vazi likikatwa nyembamba kwa milimita chache zipu haifungi, likikatwa pana huvimba magotini. Kazi ya namna hiyo ilitegemea watu waliojua matandiko na mikoba zaidi ya makochi. Kampuni nyingine iliyofuata njia ya cuoio katika miaka hiyo, Matteo Grassi, ilikuwa na asili hiyo hasa, kwani ilianza katika karne ya 19 kama karakana ya vifaa vya farasi.

Cab ilifuatwa na kiti chenye mikono, kiti cha kupumzikia na kochi kwa mtindo uleule. Imo katika mkusanyo wa jumba la makumbusho la MoMA mjini New York, ambalo liliandaa maonyesho ya kazi za Bellini mwaka 1987, na bado inatengenezwa.

Kasoro yake ni kwamba feleji haionekani, kwa hiyo ubovu wake hauonekani pia. Kiti kilichowekwa miaka mingi katika chumba chenye unyevu kinaweza kuwa na kutu ndani huku ngozi ikipendeza. Dalili ya kwanza mara nyingi ni zipu iliyogoma.

Nakala na mahakama

Umaarufu ulizaa nakala, na sehemu kubwa yake ilitengenezwa Italia kwenyewe, wakati mwingine katika mji uleule wa viti halisi. Mabomba, mabeseni ya kromu na washonaji vilikuwa karibu, na fundi aliyewahi kufanya kazi ya pembeni kwa kampuni kubwa alijua vipimo vyote.

Sheria haikuwa wazi. Nchi za Ulaya zilitofautiana juu ya swali la kama kiti kinaweza kulindwa kama kazi ya sanaa, kwa miaka 70 baada ya kifo cha mbunifu, au kama bidhaa tu, kwa muda mfupi. Italia ilibadilisha sheria yake mwaka 2001 kufuatana na maagizo ya Umoja wa Ulaya, lakini iliwapa watengenezaji wa nakala miaka ya nafuu. Mahakama ya Haki ya Umoja wa Ulaya ilikataa nafuu ya namna hiyo mwaka 2011 katika kesi iliyohusu taa ya Arco.

Kesi iliyohusu viti vyenyewe ilikuwa ya mwaka 2008. Duka la nguo la Peek & Cloppenburg nchini Ujerumani lilikuwa limeweka nakala za samani za Le Corbusier, zilizotengenezwa na kampuni ya Bologna, ili wateja wapumzike, na nyingine dirishani. Cassina ilishtaki. Mahakama iliamua kwamba kumruhusu mteja akalie kiti, au kukionyesha dirishani, si kukisambaza kwa umma kwa maana ya sheria, kwa kuwa umiliki haukuhamishwa. Kwa hiyo Cassina, iliyokuwa na haki zote za kutengeneza, haikushinda hoja hiyo dhidi ya mtu aliyezitumia nakala bila kuziuza. Uingereza, ambako nakala ziliuzwa kihalali kwa muda mrefu, ilifuta mwaka 2016 kifungu cha sheria kilichoruhusu jambo hilo.

Kwa kazi za watu kadhaa muda huhesabiwa kuanzia kifo cha yule wa mwisho. Charlotte Perriand, ambaye jina lake liliachwa nje mara nyingi samani hizo zilipotajwa kuwa za Le Corbusier peke yake, alifariki mwaka 1999.

Utambuzi na utunzaji

Viti vya Cassina vya Le Corbusier na wenzake hupigwa mhuri wa saini na namba kwenye kiunzi, na Cab hupigwa jina la kampuni kwenye ngozi upande wa chini. Mhuri huigwa, kwa hiyo wanunuzi waangalifu huanzia sehemu ambazo mwigaji hujaribu kuokoa gharama: mahali bomba linapokunjwa (bomba zuri halibonyei upande wa ndani wa kona), ukingo wa ngozi (kwenye cuoio mkato huonekana imara na wa rangi moja hadi katikati au karibu, kwenye ngozi iliyopakwa juu tu huonekana tabaka), na uzito. Nakala ya Cab yenye ngozi nyembamba hujulikana kwa kugusa magoti yake, ambayo huwa na mikunjo.

Ngozi husafishwa kwa kitambaa kilicholowa kidogo na kukaushwa mbali na jua na moto. Mafuta mengi huidhoofisha, kwa sababu huilainisha ikanyooka zaidi. Kromu yenye vidoto husuguliwa polepole, bila unga mkali, kwani tabaka lenyewe ni jembamba mno. Kupaka kromu upya kunahitaji kuvua ngozi yote, na ngozi ya miaka hamsini iliyovuliwa mara nyingi hairudi: imeshachukua umbo la kiunzi chake na kusinyaa pale ilipokauka.

Hapo ndipo wamiliki na wafanyabiashara hutofautiana. Sokoni kiti chenye ngozi yake ya kwanza, hata ikiwa imepasuka, hupendelewa kuliko kilichovalishwa upya, na wauzaji wengine hukataa kabisa kukiita cha asili baada ya hapo. Lakini cuoio iliyopasuka kwenye kikalio haiwezi tena kubeba mtu, na kiti kinachobaki katika hali hiyo hugeuka kitu cha kutazamwa. Baadhi ya warekebishaji huchukua njia ya katikati: huacha ngozi ya egemeo, hubadilisha ya kikalio tu, na huihifadhi ya zamani ndani ya mfuko kwa ajili ya mmiliki atakayefuata. Kwa Cab njia hiyo haiwezekani, kwa kuwa vazi lake ni moja.